Hodi Juu ya Kilima cha Ronchamp

Ukuta wa kusini wa kanisa dogo la Notre-Dame du Haut, lililo juu ya kilima cha Bourlémont katika mji wa Ronchamp, mashariki ya Ufaransa, si laini kama uonekanavyo pichani. Pichani waonekana kama shuka nyeupe iliyotandazwa juani. Lakini ukiusogelea na kuuwekea kiganja, kama nilivyofanya mimi asubuhi moja ya Septemba majani yangali na umande, utaukuta una chembechembe kali, saruji iliyorushwa kwa nguvu ikagandama, kisha ikapakwa chokaa mara baada ya mara. Nilisimama pale kitambo nikasahau umbali wa kwetu, kwa kuwa kiganja kilitambua kabla ya akili, kikaniambia kwamba huu ni ukuta wa nyumba ya pwani, ule ukuta mnene wa mawe na chokaa ambao watoto huuegemea adhuhuri kwa kutafuta ubaridi, na ambao mama zetu walitukataza kuuegemea kwa sababu nguo hutoka nyeupe mgongoni.

Ndani ya ukuta huo yamo mawe ya kanisa jingine. Watu wamekuwa wakikipanda kilima hiki kwa ziara ya Bibi Maryamu tangu zama za kati, wakulima, na baadaye wachimba makaa, na wanawake wenye watoto wagonjwa, aghlabu katika siku ya tarehe 8 Septemba ambayo Wakatoliki huadhimisha kuzaliwa kwake. Na walichokijenga pale hakikudumu. Radi iliunguza kanisa lao mwaka 1913. Wakajenga jingine, nalo halikutimiza hata miaka 30. Kwa kuwa mwaka 1944, majira ya kupukutika majani, majeshi yalipokuwa yakigombania mapito yaliyo kati ya milima ya Vosges na Jura, kilima kile kinachoona mbali pande zote nne kilikuwa na thamani kubwa kwa watu wa mizinga, na kanisa likabomolewa kwa makombora. Sanamu ya zamani ya Bibi Maryamu, ya mbao, ilisalimika.

Kabla sijaendelea yanipasa kutaja habari moja ambayo wageni wengi huipita bila ya kuisikia, nami naiona kuwa ndiyo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Mapinduzi ya Ufaransa yalipotwaa mali za Kanisa na kuziuza kama mali ya taifa, familia za Ronchamp zilichanga fedha zikakinunua kilima chao, ili ibada iendelee. Na tangu siku hizo mahali pale hapajawa mali ya serikali wala ya halmashauri ya mji, kama yalivyo makanisa mengi ya kale ya nchi ile, bali pako mikononi mwa jumuiya ya wenyeji. Kwa lugha yetu neno lililo karibu zaidi na jambo hilo ni wakfu. Watu wa kawaida, ambao majina yao hayakuandikwa ukutani, walitoa walichokuwa nacho ili mahali pa kuombea pasipotee, na baada yao wakaja wasimamizi, mmoja baada ya mwingine, wakapokea amana.

Basi baada ya vita wasimamizi hao walikuwa na kilima, sanamu, na chungu ya mawe. Aliyeitwa kuja kujenga alikuwa mtu ambaye wachache wangemtazamia. Charles-Édouard Jeanneret, aliyezaliwa mwaka 1887 katika mji wa La Chaux-de-Fonds huko Uswisi na kujulikana ulimwenguni kwa jina la Le Corbusier, hakuwa Mkatoliki wala mtu wa sala, na sifa yake ilikuwa imesimama juu ya nyumba za zege zenye pembe zilizonyooka. Alipoombwa mara ya kwanza alikataa, akisema kwamba hana haja ya kulifanyia kazi Kanisa, taasisi iliyokwisha kufa. Lakini Padri Lucien Ledeur wa Besançon, na pamoja naye mtawa Mdominiko Marie-Alain Couturier, aliyeamini kwamba ni afadhali kumpa kazi fundi bingwa asiye na imani kuliko kumpa mwenye imani asiye na kipaji, hawakumwacha. Na Juni 1950 akapanda kilimani, akakaa akitazama upeo wa macho kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, kisha akaanza kuchora. Hapakuwa na barabara ya kupandishia shehena nzito. Kwa hiyo mawe ya kanisa lililoanguka hayakutupwa, yalijazwa ndani ya kuta mpya. Na yaliyobaki yakapangwa nje kuwa piramidi ya ngazi, kumbukumbu ya waliouawa pale kilimani. Paa, ambalo ni maganda mawili membamba ya zege yenye uwazi katikati, alilipata katika gamba la kaa aliloliokota katika ufuko wa Long Island, karibu na New York.

Mwenye kuingia ndani huingia kwa mlango mdogo ulio kaskazini kati ya minara miwili, kwa maana ule mlango mkubwa wa kusini, uliopakwa rangi za kauri, hufunguliwa kwa siku za sherehe. Kwanza haoni kitu. Halafu macho yakizoea, ndipo atakapoona kwamba paa lile zito, lililotuna kuelekea chini kama tumbo la jahazi, halikuketi juu ya kuta. Kati yake na ukuta umeachwa ufa, kiasi cha sentimita 10, na nuru hupita katika ufa huo, hata zege lote likaonekana limelala juu ya uzi wa mwanga. Sakafu haikusawazishwa: inashuka polepole kuelekea madhabahuni, kwa kuwa ndivyo kilima chenyewe kinavyoshuka, na anayetembea huvutwa na miguu yake mwenyewe. Ukuta ule wa kusini, ambao chini una unene wa zaidi ya mita 3, umetobolewa madirisha yasiyolingana, haya makubwa kwa ndani na madogo kwa nje, yale kinyume chake, na katika vioo vyake Le Corbusier aliandika na kuchora kwa mkono wake, hapa jina la Bibi Maryamu, pale ndege, pale mwezi wenye uso. Mabenchi ni machache, yamepangwa upande mmoja tu, na yalichongwa na Joseph Savina, seremala wa Bretagne, kwa mbao za iroko zilizotoka Afrika. Iroko ni mti ambao sisi twauita mvule. Nilikaa juu ya mbao hizo nikazipapasa kwa kidole chini ya ukingo, pale ambapo randa haikupita sana, nikakuta mishipa ile ile ya milango na makasha ya nyumbani.

Sikuitaja pwani kwa kujipendekeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Le Corbusier alisafiri mpaka bonde la Mzab, katika jangwa la Algeria, ardhi ya Waibadhi, akaistaajabia miji yake mitano iliyojengwa kwa udongo, mawe na chokaa. Na katika mji wa El Atteuf, ulio mkongwe kuliko yote mitano, upo msikiti mdogo wa Sidi Brahim, wenye kuta nene zilizopinda kama zilizofinyangwa kwa mkono, na vitundu vya nuru vilivyotobolewa bila ya mpango wa rula, ambao wajuzi wengi wa kazi zake huutaja kuwa ni ndugu wa kanisa la Ronchamp. Waibadhi wa Mzab ni watu wa madhehebu moja na Masultani wa Zanzibar. Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish, mwanachuoni mkubwa wa Beni Isguen katika bonde hilo hilo, baadhi ya vitabu vyake vilipigwa chapa Unguja, katika matbaa aliyoianzisha Sultan Barghash. Yaani, wakati ambapo mababu wa wachimba makaa wa Ronchamp walikuwa wakipanda kilimani na mishumaa yao, karatasi zilizobeba elimu ya wale wajenzi wa chokaa zilikuwa zikikauka juu ya kamba mbele ya bahari yetu. Kiganja changu basi hakikukosea sana.

Leo watu husafiri kutoka Japani na Marekani kuja kuona kazi hiyo, na ni rahisi kudhani kwamba ilipendwa tangu siku ilipozinduliwa, tarehe 25 Juni 1955. Sivyo. Wapo waliolipa jina la gereji ya makasisi. Wapo waliosema ni ndara iliyotupwa kilimani, na wengine handaki la kujifichia mabomu. Hata miongoni mwa wanafunzi wake Le Corbusier mwenyewe, waliozoea kumsikia akihubiri mstari ulionyooka, wapo waliodhani kwamba mzee amewasaliti. Nayaandika haya si kwa kuwacheka wale waliokosea. Waliokuwa wamezoea mnara wenye ncha na madirisha ya upinde, ambao walizaliwa nao na kuwazika wazazi wao chini yake, walikuwa na haki ya kuumia walipoona mahali pake kitu kisichofanana na kanisa lolote. Muda ulipita, wakalizoea, watoto wao wakaoana ndani yake, serikali ikaliandika katika daftari la majengo ya kihistoria mwaka 1967, na lile lililokuwa jeraha likawa fahari. Alipokufa Le Corbusier, Agosti 1965, akiogelea katika bahari ya kusini ya Ufaransa, kanisa lilikuwa na umri wa miaka 10 tu.

Fahari nayo ina adha yake. Mgodi wa makaa wa Ronchamp ulifungwa mwaka 1958, wachimbaji wakatawanyika. Na katika miongo iliyofuata, kama ilivyokuwa katika Ulaya yote ya magharibi, wenye kupanda kwa kusali walipungua, na wenye kupanda kwa kutazama wakaongezeka, mpaka yakawa mabasi kwa mabasi. Waliegesha karibu kabisa na kilele, wakapiga picha zao, wakashuka. Siwalaumu wageni hao, kwani mimi pia nilikuja kwa kuwa nilisoma habari za Le Corbusier, wala si kwa ziara. Lakini wasimamizi wa kilima, walioyaona haya mwaka baada ya mwaka, wakawa na hofu ambayo kila mwenye kukabidhiwa amana huijua, kwamba atakapoulizwa amefanya nini na kile alichopewa, atajibu kuwa amekitunza vizuri sana ila hakifanyi tena kazi yake.

Ndipo walipowaita watawa wa Klara. Hawa ni wanawake wa utaratibu ulioanzishwa na Klara wa Assisi mwaka 1212, wenye nadhiri ya ufukara, na katika mji wa Besançon, ambao si mbali na Ronchamp, walikuwa na makao tangu karne ya kumi na tano. Wakaazimu kuyaacha makao hayo na kuhamia kilimani, ili pawe na watu wa kusali pale asubuhi na jioni, kiangazi na wakati wa theluji, awepo mgeni asiwepo. Kazi ya kuwajengea akapewa Renzo Piano, Mtaliana wa Genoa, mmoja wa waliojenga Centre Pompidou ya Paris, naye akamshirikisha Michel Corajoud, bingwa wa kupanga bustani na mandhari. Pamoja na makao ya watawa akatakiwa ajenge lango jipya la kupokelea wageni, mahali pa kukatia tikiti na duka, badala ya lile lililokuwapo.

Ikazuka ikhtilafu ambayo haikuwa ndogo. Taasisi ya Le Corbusier, yenye makao Paris na yenye kulinda kazi na jina lake, ilipinga. Na mwaka 2008 ikazungushwa barua ya kuomba mradi usitishwe, ikatiwa sahihi na watu wenye majina makubwa katika fani hiyo, akiwamo Richard Meier, Rafael Moneo na Cesar Pelli. Upande wa pili nao wakaandika barua yao, na humo akawamo Tadao Ando wa Japani na John Pawson wa Uingereza. Hoja ya wapinzani haikuwa ya chuki, wala haikuwa nyepesi, nami nataka niieleze kama wao wenyewe wangependa ielezwe. Kanisa hili, walisema, halikuishia katika kuta zake. Le Corbusier alilijenga lisemezane na upeo wa macho wa pande nne. Alimfikiria hujaji anayepanda polepole msituni, asiyeona kitu, kisha kikatokea ghafula kilele cheupe mbele yake juu ya majani. Na ule utupu uliolizunguka ni sehemu ya kazi kama vile kimya kilivyo sehemu ya adhana. Ukichimba ubavu wa kilima na kuweka ndani yake vyumba, vioo na taa, umelihariri shairi la mtu ambaye hayupo kujibu.

Nakiri kwamba nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza moyo wangu ulikuwa pamoja nao. Nimeona kwetu misikiti ya kale ikivunjwa mihrabu yake ya mawe iliyochongwa na ikabandikwa vigae ving'aavyo vya dukani, na kila mara aliyeuliza sababu alijibiwa kwamba ni kwa ajili ya ibada na kwa faraja ya waumini. Kwa hivyo nikisikia neno hilo hilo likitolewa kuhalalisha tingatinga, mimi hushtuka. Nilipanda Bourlémont nikiwa na hukumu yangu mfukoni tayari.

Makao ya watawa sikuyaona. Nilitoka kanisani, nikazunguka madhabahu ya nje upande wa mashariki, nikapita penye ule mlizamu mkubwa wa zege ulio magharibi, wenye matundu mawili kama pua ya ng'ombe, ambao humimina mvua yote ya paa ndani ya birika, nikasimama ukingoni mwa majani nikitafuta jengo lililogombaniwa na mabingwa wa dunia, nikaona miti tu, na bonde, na mapaa ya mji kule chini. Ilinibidi nishuke kwa miguu ndipo nilipoona, chini yangu, uso wa zege na vioo umetokeza kati ya miti, na udongo umerudishiwa juu ya dari yake. Vyumba ni 12. Kila kimoja hakifiki mita 3 upande mmoja, kina kitanda na meza, na mbele yake kibaraza cha kioo kinachopokea jua la baridi na kutazama bondeni. Hakuna chumba kinacholitazama kanisa. Watawa wamelipa mgongo, kwa kuwa limekaa juu yao, na wanachokitazama ni miti.

Nilipoyaona hayo nikakumbuka adabu ya mtu wa kwetu anapoingia katika nyumba ya mkubwa. Hapandi juu ya kitanda. Hapiti mbele ya mzee. Hupiga hodi, akakaribishwa, akakaa mahali pa chini, ukutani, na akizungumza huzungumza baada ya kuzungumzishwa. Renzo Piano, aliyeweza, kwa umaarufu wake, kusimamisha kitu cha kushindana na kile kilichokuwapo, alikaa chini. Zege lake ni la rangi ya majivu, halikupakwa chokaa kwa kuigiza kuta za juu, wala hakuna mstari wake uliopinda kwa kujikomba kwa marehemu. Makao yale yalipofunguliwa, Septemba 2011, wapo wapinzani ambao hawakuridhika, nao wana haki yao. Kilima kilichimbwa, na kilima kilichochimbwa hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Mimi niliridhika.

Lakini kuridhika kwangu hakukutoka katika ufundi peke yake. Wanazuoni wetu wa fiqhi wana kanuni juu ya wakfu, kwamba sharti ya mwenye kuweka wakfu hufuatwa kama inavyofuatwa nassi ya sheria. Kisima kilichowekwa kwa wasafiri hakigeuzwi kuwa bustani ya msimamizi, hata kama bustani ni nzuri na wasafiri wamepungua njiani. Na ikiwa wasafiri wamepungua, kazi ya msimamizi ni kuiondolea magugu njia. Wale waliochanga fedha zao kukinunua kilima wakati wa Mapinduzi hawakuchanga ili pawe na makumbusho ya fundi ambaye alikuwa hajazaliwa. Walichanga ili watu wasali. Le Corbusier mwenyewe, asiyekuwa na imani yao, alipolikabidhi kanisa kwa askofu mkuu wa Besançon siku ya uzinduzi, alieleza kwamba alikusudia mahali pa kimya, pa sala, pa amani na furaha ya ndani. Na mtu aliyesema hivyo hawezi kulalamikiwa kwa jina lake kwamba wamekuja watu wa kimya na sala wakakaa chini ya kivuli cha kazi yake. Kwa kipimo hicho, watawa wamo ndani ya sharti ya wakfu. Nao wapinzani, kwa mapenzi yao makubwa, waliulinda ukuta wakamsahau yule ambaye ukuta ulijengwa kwa ajili yake.

Hili lataka kusemwa kwa tahadhari, kwa maana mtu aweza kulichukua akalifanya rungu la kuvunjia kila kitu cha kale kwa kisingizio cha ibada. Uzuri nao ni amana. Asubuhi ile, nilipokuwa nimekaa juu ya benchi la mvule, alikuwapo msichana mwenye daftari la kuchorea, pengine mwanafunzi wa ujenzi, aliyekuwa akihesabu madirisha ya ukuta wa kusini na kuyachora moja baada ya moja kwa kalamu ya risasi; akaingia mzee mwenye mkongojo, akapita polepole mpaka mbele, akapiga goti kwa taabu akiushika ukingo wa benchi; na yule msichana, bila ya kuambiwa na mtu, akaiweka kalamu chini, akafunga daftari, akainamisha kichwa mpaka mzee alipoinuka. Hakuna ajuaye kama aliomba. Nadhani lile jengo ndilo lililomfundisha, na jengo baya lisingeweza kumfundisha.

Lililobaki ni lango, na hapo sikuridhika. Mwenye kuja kwa gari hufika kwanza penye jengo la kioo na chuma, akakata tikiti, akapitia duka lenye vitabu na vikombe, ndipo aruhusiwe kupanda hatua chache zilizosalia. Jengo lenyewe si baya. Limekaa chini pia, na miti aliyoipanda Corajoud imeondoa ule ubaya wa uwanja wa magari uliokuwapo zamani. Fedha zahitajika, paa la zege lina gharama zake, na nani atalipa ikiwa wageni hawalipi? Haya yote nayakubali. Ninalolipinga ni mahali. Mpando ule, ambao wapinzani waliuombea kwa haki, ulikuwa na maana ya kumvua mtu mambo ya chini kidogo kidogo, mpaka afike juu akiwa amebaki na pumzi zake tu. Na sasa, palepale pumzi zinapoanza kuwa fupi, anakutana na mashine ya kulipia. Wala lango halikulinda lililotakiwa kulindwa. Januari 2014 waharibifu waliingia usiku kwa kuvunja dirisha la ukuta wa kusini, wakatoa sanduku la sadaka, na dirisha walilolivunja lilikuwa lile lenye mwezi, mchoro wa mkono wa Le Corbusier mwenyewe, ambao hakuna fundi awezaye kuurudisha. Mwaka 2016, UNESCO ilipoliingiza kanisa katika urithi wa dunia pamoja na kazi nyingine 16 za fundi huyo katika nchi 7, lile dirisha lilikuwa limekwisha kupotea.

Nilishuka mchana kwa miguu, kwa njia ya msituni, mpaka mjini. Ronchamp ina stesheni ya reli, ndogo, ambapo treni za kutoka Belfort husimama, na mtu aweza kutoka pale mpaka kileleni kwa mwendo usiozidi saa moja, akipumzika mara mbili. Mji ni wa kimya tangu mgodi ulipofungwa, na nyumba zake hazikosi nafasi. Pale ndipo palipostahili lango: tikiti, duka, vikombe na uwanja wa mabasi, chini, karibu na reli, mahali ambapo biashara ingewafaa watu wa mji ambao wazee wao ndio waliokinunua kilima, na asiyeweza kutembea, mzee au mgonjwa, angepandishwa kwa gari dogo. Watawa wana haki ya kukaa walipo. Lango lilistahili kuwekwa mjini, na bado laweza kuteremshwa.